Ekari ya 70 kwa 70 na kipeuo cha pili: programu inayofanya hesabu kama tulivyoifanya kwenye daftari

Mwanzisha uzi (Moshi)

Wadau habari za jioni. Uzi ni mrefu, ila mwenye shamba na mwenye kupenda programu wote watapata chao.

Mama anauza ekari moja ya shamba la mahindi huku tambarare, njia ya Kahe, mdogo wangu alipiwe ada ya chuo. Dalali akaja na tepu, akavuta mita 70 kwa 70, akapiga vigingi, akasema ekari hiyo imekamilika. Mama akanipigia simu usiku. Sauti yake ilionyesha kitu hakijamkaa. "Hebu nipigie hesabu, mbona naona kipande kimekuwa kikubwa?"

Sisi tuliokulia mashambani tunajua ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua, siyo mita. Hatua ndefu ya mtu mzima inakaribiana na yadi, na ekari ni yadi za mraba 4,840. Kwa hiyo anayetaka upande wa ekari yenye umbo la mraba anatafuta kipeuo cha pili cha 4,840. Wazee walikadiria 70 na walikuwa karibu sana. Aliyeharibu ni yule aliyeiacha 70 ilivyo na kubadilisha hatua kuwa mita.

Umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa na mpwa wangu wa kidato cha tatu, yuko likizo, anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu. Angeweza kubonyeza kalkuleta na kazi ikaisha. Nikamwambia lete daftari kwanza, tuifanye kwa mkono, halafu tuifundishe simu kufanya hivyohivyo. Alikuwa hajawahi kuiona njia ya jozi, kwa sababu yeye anafungua kitabu cha jedwali tu. Nikaona aibu kumwacha hivyo, maana mimi nilifundishwa shule ya msingi na sijaisahau mpaka leo.

Waliosahau, iko hivi. Unagawa tarakimu mbilimbili kuanzia kwenye nukta kurudi kushoto: 48 | 40. Mraba mkubwa usiozidi 48 ni 36, yaani 6 mara 6. Andika 6, toa 36, baki 12. Shusha jozi inayofuata, inakuwa 1240. Sasa mara mbili ya jibu lako: 12. Tafuta tarakimu ya kubandika mwishoni mwa 12, halafu uzidishe kwa tarakimu hiyohiyo bila kuzidi 1240. 129 × 9 = 1161. Andika 9. Baki 79.

Jibu limefika 69. Weka nukta, shusha sifuri mbili: 7900. Mara mbili ya 69 ni 138. 1385 × 5 = 6925. Baki 975. Shusha sifuri mbili: 97500. Mara mbili ya 695 ni 1390. 13907 × 7 = 97349. Baki 151.

Hapo una 69.57. Hatua 69 na nusu na kidogo. Zidisha kwa 0.9144, ambayo ndiyo yadi moja kwa mita, unapata mita 63.61. Ekari ya mraba ina upande wa mita 63 na sentimeta 61. Ukivuta 70 umekata mita za mraba 4,900 badala ya 4,047. Zaidi ya mita za mraba 850 zimekwenda bure. Kiwanja cha 20 kwa 40 kinaingia humo na bado kinabaki kipande.

Nilimpigia mama usiku uleule, nikamwambia asisaini kitu.

Sasa programu. Tuliandika hivi, majina yote ni ya Kiswahili ili mpwa aone kwamba ni daftari lilelile:

```
def kipeuo(namba, desimali):
    tarakimu = str(namba)
    if len(tarakimu) % 2 == 1:
        tarakimu = "0" + tarakimu
    tarakimu = tarakimu + "00" * desimali
    baki = 0
    jibu = 0
    for i in range(0, len(tarakimu), 2):
        baki = baki * 100 + int(tarakimu[i:i+2])
        d = 9
        while (20 * jibu + d) * d > baki:
            d = d - 1
        baki = baki - (20 * jibu + d) * d
        jibu = jibu * 10 + d
    return jibu, baki
```

`baki * 100` ndiyo kule kushusha jozi. `20 * jibu + d` ndiyo ile "mara mbili ya jibu, bandika tarakimu". Hakuna desimali hata moja ndani yake, ni namba nzima tupu. Ukiandika `kipeuo(4840, 4)` inarudisha 695701 na baki 118599. Nukta unaiweka mwenyewe: 69.5701.

Lakini hatukufika hapo mara moja, na hapa ndipo penye kisa kilichonifanya nifungue uzi. Mstari wa kabla ya mwisho mpwa aliuandika hivi:

```
        if d > 0:
            jibu = jibu * 10 + d
```

Nilimuuliza kwa nini. "Mjomba, sifuri haiongezi kitu." Tukaiendesha kwa desimali nane, nukta ikiwekwa baada ya tarakimu mbili za mwanzo. Simu ikaandika:

69.5799999

Inafanana na jibu, si ndiyo? Ukiikadiria ni 69.58, na kwenye daftari tulikuwa na 69.57. Mtu wa haraka angesema ni mambo ya kukadiria tu, akaondoka. Mimi zile tisa tisa zilinikera. Tukazidisha 69.58 kwa 69.58: 4841.38. Imezidi. Njia ya jozi haizidi hata siku moja, kwa sababu kila hatua unachagua tarakimu isiyovuka baki.

Tukarudi kwenye daftari, hatua moja mbele ya pale tulipoishia. Baki 151, shusha sifuri mbili: 15100. Mara mbili ya 6957 ni 13914. Bandika 1: 139141. Imeshavuka 15100. Kwa hiyo tarakimu ni sifuri, na sifuri hiyo lazima iandikwe, jibu liwe 69.570. Mpwa aliiruka. Jibu likabaki 6957 wakati baki linaendelea kupanuka mara mia kila mzunguko. Kuanzia hapo jibu liko nyuma kwa hatua moja, na halitafika tena; kila mzunguko programu inachukua tarakimu kubwa kuliko zote ili kukimbiza baki, nayo ni 9. Tisa, tisa, tisa mpaka mwisho.

Tulipoondoa ule `if`, ikaja 69.57010852.

Mpwa alikaa kimya akiangalia skrini, halafu akasema, "Kumbe sifuri inashika nafasi." Niseme ukweli, nilifurahi kuliko nilivyofurahi kuokoa lile shamba. Hilo ni jambo ambalo kalkuleta isingemfundisha.

Naomba mawazo yenu, hasa waliowahi kuiandika kwa namna nyingine.

---

Mdau wa Ngarenaro

Mkuu hongera kwa kumwokoa bi mkubwa. Ila swali la dhati: kwenye Python unaandika `4840 ** 0.5` na kazi imeisha. Au `math.sqrt`, amri ya Python ya kutafuta kipeuo. Kwa nini dogo ateseke na mistari 15?

---

Mwanzisha uzi

Swali zuri, na mpwa aliniuliza hilohilo.

Kwa shamba, `math.sqrt` inatosha kabisa. Lakini jaribu hii kwenye simu yako sasa hivi:

`int(math.sqrt(10**32 - 1))`

Utapata 10000000000000000. Hilo ni kosa. Kipeuo cha 10 kwa kipeo cha 32 ndicho hicho kamili, na wewe umepunguza moja kabla ya kutafuta, kwa hiyo sehemu nzima ya jibu ni 9999999999999999, tisa kumi na sita. Python haijakosea kutafuta kipeuo. Imepoteza ile moja kabla hata haijaanza, kwa sababu namba za desimali za kompyuta zinahifadhiwa kwa biti 53, kama tarakimu 16 hivi, na namba yako ina 32. Ile moja haikupata pa kukaa.

Programu ya jozi inafanya kazi kwa namba nzima, na namba nzima za Python hazina kikomo isipokuwa kumbukumbu ya kifaa chako. Ukitaka tarakimu 500 za kipeuo cha 2, `kipeuo(2, 500)`, zinakuja, na kila moja ni ya kweli. Tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019 Python yenyewe ina `math.isqrt` kwa kazi hii ya namba nzima, maana waliona watu wanaumia.

---

Mwalimu mstaafu (Arusha)

Vijana hamjambo. Nimefundisha hisabati miaka mingi na nimesoma uzi huu mara mbili.

Mwanzisha uzi, umeeleza namna ya kufanya, ila kijana akikuuliza kwa nini tunazidisha jibu mara mbili, utamwambia nini? Wengi walifundishwa kama wimbo, ndiyo maana wamesahau. Mchoree shamba.

Una hatua za mraba 4,840 na unataka ziwe shamba la mraba. Anza na mraba wa 60 kwa 60. Umetumia 3,600, zimebaki 1,240. Unataka kulipanua bila kuharibu umbo. Utaongeza mkanda upande wa mashariki, wenye urefu wa 60. Utaongeza mkanda mwingine upande wa kaskazini, nao wa 60. Mikanda miwili, kwa hiyo mara mbili ya 60, ndiyo 120 yako. Lakini pale kwenye kona, kati ya mikanda, pamebaki tundu, na tundu hilo ni mraba mdogo wenye upana wa mkanda pande zote. Mkanda ukiwa na upana wa 9: mikanda miwili ni 1,080, kona ni 81, jumla 1,161. Baki 79. Ndiyo 129 × 9 yako hiyohiyo. Ile tarakimu inayobandikwa mwishoni ni kona.

Nilikuwa nawatoa wanafunzi nje, tunachora kwa fimbo kwenye vumbi. Aliyeiona kona hakuisahau tena.

La pili, kuhusu zile tisa. Kuna alama ambayo ingewaonyesha kosa mapema: baki halitakiwi kuzidi mara mbili ya jibu. Likizidi, maana yake mraba ungeweza kupanuka kwa moja zaidi na wewe ukauacha. Fanya hesabu: kijana wako baada ya kuandika ile 9 ya kwanza alikuwa na jibu 69579 na baki 257659. Mara mbili ya jibu ni 139158. Limevuka. Weka sharti hilo ndani ya mzunguko, programu ijikague yenyewe kila hatua.

Njia hii ni ya kale. Aryabhata wa India aliiandika katika kazi yake ya mwaka 499, na haijapungua kitu.

---

Mwanzisha uzi

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma hiyo ya kona kwa sauti, mpwa akiwa pembeni, na amechora mwenyewe bila kuambiwa. Nimeongeza sharti:

```
        assert baki <= 2 * jibu
```

Nikamrudishia ile `if d > 0` yake kwa makusudi. Programu imesimama palepale kwenye 6957, baki likiwa 15100, haikusubiri hata tisa ya kwanza. Pia nimempa 41616, ambayo kipeuo chake ni 204 kamili. Toleo lake la zamani lilikuwa linatoa 29!

---

Mwalimu mstaafu (Arusha)

Marahaba. Mpe na 1002001 akalale nayo.

---

Mdau wa Njiro

Nawaheshimu, ila naomba kutofautiana kidogo. Kwa programu, njia ya Heron ni fupi zaidi na inakimbia zaidi. Heron wa Aleksandria, karne ya kwanza baada ya Kristo, alitafuta kipeuo cha 720 hivi: anza na 27. Gawa 720 kwa 27, unapata 26 na theluthi mbili. Chukua wastani wa hizo mbili: 26 na 5/6. Mraba wake ni 720 na 1/36. Hatua moja tu!

Kwa ekari yako: anza na 70 ya wazee. 4840 gawa kwa 70 ni 69.142857. Wastani: 69.571429. Rudia mara moja tena: 69.57010854. Hatua mbili, desimali saba sahihi. Wewe kwa jozi umehangaika hatua tisa kufika hapo. Kila hatua ya Heron karibu inazidisha mara mbili idadi ya tarakimu sahihi, wakati jozi inatoa moja moja.

Na ukikosea kugawa katikati, haidhuru, hatua inayofuata inakusahihisha. Kwa jozi ukikosea tarakimu moja ndiyo basi, kama dogo na tisa zake.

Watu wa Babeli nao walikuwa na kipeuo cha 2 kwenye kibao cha udongo kilichoko Chuo Kikuu cha Yale: 1, 24, 51, 10 kwa hesabu ya sitini sitini. Kwa desimali zetu ni 1.414213, wakati kibao chenyewe kina zaidi ya miaka 3,500.

---

Mwanzisha uzi

Umenena mkuu, na hoja yako ya kasi siipingi. Nimeijaribu, kwa namba kubwa sana Heron anaiacha jozi mbali.

Lakini tazama jibu lako: 69.57010854. La jozi ni 69.57010852. Yako ni kubwa kidogo, na ukiiangalia peke yake hujui tarakimu ipi ya kuamini. Inabidi ufanye hatua nyingine ndipo ujue ya mwanzo ilikuwa sahihi mpaka wapi. Kwa jozi, tarakimu ikishaandikwa imefungwa, haibadiliki tena. Ndiyo maana nasema ni nzuri kwa anayejifunza: anaona jibu linakua, na baki ni kama risiti mkononi. Jibu mara jibu, jumlisha baki, lazima urudi kwenye namba uliyoanza nayo bila kupungua hata moja. 695701 mara yenyewe ni 483999881401. Ongeza 118599, unapata 484000000000.

Tena kuna mtego ambao nimeuangukia juzi nikiandika Heron kwa namba nzima. Nilisema: rudia mpaka jibu jipya lifanane na la zamani. Nikampa 3. Anzia 1: wastani wa 1 na 3 ni 2. Kutoka 2: 3 gawa kwa 2 ni 1 ukiacha desimali, wastani wa 2 na 1 ni 1. Kutoka 1 unarudi 2. Moja, mbili, moja, mbili, simu imepata moto mfukoni! Kumbe namba yoyote iliyopungukiwa moja kufikia mraba kamili inafanya hivyo: 3, 8, 15, 24 na kuendelea. Dawa yake ni kuanzia juu ya jibu na kusimama pale namba inapoacha kushuka.

---

Mdau wa Njiro

Hiyo ya 8 na 15 nilikuwa siijui, na nina programu kazini inayotumia "mpaka ifanane". Nakwenda kuikagua kesho asubuhi. Asante sana mkuu.

---

Fundi elektroniki (Sakina)

Nimechelewa kuuona uzi. Mimi natengeneza vifaa vya kupima umeme wa pampu za maji, na njia ya jozi ndiyo inayonilisha, ila naifanya kwa mbili badala ya kumi.

Chipu ninayotumia ni ATmega328P, ileile ya Arduino Uno, kile kibao cha kujifunzia elektroniki. Ni ya biti 8, haina sehemu ya kufanya hesabu za desimali. Ukiiita `sqrt` inafanya, lakini kwa kuigiza desimali kwa programu, polepole, na inakula kumbukumbu. Mkondo wa umeme unaopandashuka unaupima kwa kuchukua sampuli nyingi, unazipeleka mraba, unatafuta wastani, halafu kipeuo cha pili. Kipeuo hakikwepeki.

Kwa namba za mbili mambo ni mepesi mno, kwa sababu tarakimu inayotafutwa ni 0 au 1 tu. Hakuna kujaribu 9, 8, 7. Unauliza swali moja: je, baki limefika mara nne ya jibu, ongeza moja? Limefika, andika 1 na utoe. Halijafika, andika 0. Na kuzidisha kwa nne ni kusogeza biti mbili kushoto, chipu inafanya bila jasho.

Chukua 41. Kwa mbili ni 101001. Jozi: 10 | 10 | 01. Ya kwanza ni 2, imefika 1, andika 1, baki 1. Shusha 10: baki sasa ni 6. Mara nne ya 1 ongeza moja ni 5. Imefika, andika 1, baki 1. Shusha 01: baki 5. Jibu liko 11, yaani 3. Mara nne ongeza moja ni 13. Haijafika, andika 0. Jibu 110, yaani 6, baki 5. Na 36 ongeza 5 ni 41.

Ile sifuri ya mwisho nayo lazima iandikwe. Kosa la kijana wako nililifanya mimi nikiwa na kifaa kwa mteja tayari, na kikawa kinasoma ampea zisizokuwepo. Nilikesha.

---

Mwalimu mstaafu (Arusha)

Fundi, umenikumbusha kitu. Hata kwa kumi unaweza kuikwepa kazi ya kuzidisha. Jumla ya namba witiri ni mraba: 1 ongeza 3 ni 4, ongeza 5 ni 9, ongeza 7 ni 16. Kwa watoto wadogo nilitumia punje za mahindi, wanatoa 1, 3, 5, 7 mpaka rundo liishe, wanahesabu wametoa mara ngapi.

Sasa changanya na jozi. Baki ni 1240, jibu ni 6. Badala ya kutafuta 129 × 9, toa 121, toa 123, toa 125, endelea hivyo mpaka 137. Umetoa mara tisa, kwa hiyo tarakimu ni 9, na baki ni 79. Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na sehemu yake maalumu ya kugawa na kutafuta vipeuo, na ilikwenda kwa kutoa namba witiri namna hii.

---

Mdau wa Majengo

Samahani wakuu, mimi naanza tu. Nimeiga programu, nikaweka 2.5 imekataa. Nikaondoa nukta nikaweka 25, imenipa 5. Nikasema basi kipeuo cha 2.5 ni 0.5 au vipi? Nimechanganyikiwa.

---

Mwanzisha uzi

Usichanganyikiwe ndugu, hapo hata wazoefu wanateleza. Jozi zinaanzia kwenye nukta, upande wa kulia vilevile. 2.5 ni 2 | 50. Ile 5 haina mwenzake, unampa sifuri. Ukiiondoa nukta, weka 250 na siyo 25, kwa sababu umepanua namba mara 100, na jibu litapanuka mara 10. `kipeuo(250, 3)` itakupa 15811, nawe unajua ni 1.5811.

---

Mdau wa Majengo

Imekubali! 1.5811 × 1.5811 nimepata 2.4998 na kitu. Asante sana kaka.

---

Mwanzisha uzi

Narudi na mrejesho wa shamba, maana wengi mmeniuliza kwa ujumbe.

Jumamosi tulishuka Kahe mimi, mpwa na mama. Dalali alikuja. Nilimwonyesha daftari, akasema kila mtu hupima 70. Sikubishana naye, nilimwomba ashike ncha ya tepu. Tulivuta 63.61 pande nne. Mpwa akasema pande nne zikilingana bado shamba linaweza kulala upande, lazima tupime kutoka kona hadi kona. Alikuwa ameshaihesabu kwenye simu kwa programu yake: mita 89 na sentimeta 96.

Mkono wa kwanza, yaani kona hadi kona, ulikuja 90.40. Wa pili ulipungua. Tukasogeza kigingi cha kaskazini kidogo, tukapima tena, mara tatu hivi, jua limesimama kichwani, mpaka mikono yote miwili ikafika 89.96 na tofauti ya sentimeta mbili. Mnunuzi mwenyewe alikuwepo, akaangalia hesabu, akakubali, akasema yeye anataka ekari na ekari ndiyo hiyo.

Kati ya kigingi kipya na cha dalali zimebaki mita 6 na sentimeta 39. Mama anapanda kwa sentimeta 75 mstari hadi mstari. Alisimama pale akahesabu kwa kidole: mistari minane upande huu, na mingine kule juu. Jumatatu alikuwa ameshaanza kuilimia.